Abu Huraira (r.a.): Mtu Aliyeitwa kwa Jina la Paka Wake

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ukurasa huu wa maisha ya wema waliotutangulia umenifikia mimi safari hii. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya mtu mwingine, lakini lipo jambo lililonipata nikiwa mwaka wa kwanza ambalo limekuwa likinidai. Nitalieleza ingawa linaniaibisha, kwa sababu ndilo lililonifikisha kwa mtu nitakayemtaja.

Nilikuwa nimepanga chumba Buyenzi, kwa bibi mmoja mjane. Pale uani palikuwa na mtoto wa paka, mweupe mwenye madoa, asiye na mwenyewe. Alikuwa akiingia chumba hiki na kutoka kile. Ijumaa moja baada ya swala nilirudi nikakuta amekula ndagala nilizobakiza kwa ajili ya usiku. Mwanafunzi mwenye njaa, hasira zake ziko karibu. Nilimkamata, nikamtia kwenye stoo ya makaa na kufunga kufuli. Nikasema moyoni kuwa nitamtoa jioni, atakuwa ameshajifunza adabu. Kabla ya jioni nikapigiwa simu kutoka Rumonge kwamba mjomba wangu amefariki. Nilikimbilia gari na ufunguo uko mfukoni. Paka nikamsahau kabisa.

Nilirudi Jumapili alasiri. Kufuli lilikuwa limevunjwa kwa jiwe. Bibi alikuwa amemsikia yule paka akilia usiku, sauti ikipungua, akaamka na kuvunja. Nilimkuta paka juu ya kitambaa, macho yameingia ndani, akilamba maziwa kidogo kidogo kutoka kwenye kifuniko cha sufuria. Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu kama naijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Nikamwambia naijua tangu madrasa. Akaniuliza ni nani katika Maswahaba aliyeipokea. Nikanyamaza. Akaniambia nikatafute, kisha nirudi nimwambie.

Nilitafuta. Maswahaba walioipokea ni zaidi ya mmoja, naye Abdullah bin Umar yumo. Lakini jina lililonisimamisha ni la mwenzake: Abu Huraira. Nilikuwa nimelitamka jina hilo mara elfu bila kujiuliza maana yake. Maana yake ni baba wa kipaka.

Ukiwauliza watu wa Afrika Mashariki wakutajie paka mashuhuri, wengi watakwenda kwa wakubwa: watamtaja Elsa, yule simba jike wa Kenya aliyelelewa na George na Joy Adamson kisha akarudishwa porini Meru, akaandikiwa kitabu na kutengenezewa filamu. Waliofika Lamu watawataja paka wa mji ule, wembamba wenye miguu mirefu, wanaotembea vichochoroni kama wenye nyumba. Lakini paka ambaye jina lake hutajwa kila siku katika misikiti ya dunia nzima, kuanzia Buyenzi mpaka Jakarta, ni kipaka mmoja wa mchungaji maskini, aliyeishi zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Haya ndiyo maisha ya mwenyewe.

Kijana wa Daus

Abu Huraira alizaliwa katika kabila la Daus, katika milima iliyo kusini ya Hijazi kuelekea Yemen. Wanazuoni wamehitilafiana sana juu ya jina lake la asili. Kauli iliyo mashuhuri ni kuwa katika zama za ujahili aliitwa Abdu Shams, yaani mja wa jua, na katika Uislamu akaitwa Abdurrahman bin Sakhr. Ni ajabu ya kuzingatia: jina alilopewa na wazazi limekuwa mjadala wa wanazuoni, lakini jina alilopewa kwa sababu ya paka halikupotea.

Alikua yatima. Kazi yake utotoni ilikuwa kuchunga mbuzi na kondoo wa jamaa zake. Alikuwa na mtoto wa paka. Usiku alimweka juu ya mti asije akadhurika, na asubuhi alimchukua kwenda naye machungani na kucheza naye mchana kutwa. Watu wakamwona hivyo kila siku, wakaanza kumwita Abu Huraira. Yeye mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hii alipoulizwa, nayo imepokelewa katika Tirmidhi. Baadaye Mtume (s.a.w.) naye alikuwa akimwita Abu Hirr, yaani baba wa paka dume, na inasemwa kuwa Abu Huraira alilipenda zaidi jina hilo kwa kuwa limetoka kinywani mwa Mtume.

Uislamu uliwafikia watu wa Daus kwa mkono wa mmoja wao, Tufail bin Amr, aliyesilimu Makka kabla ya Hijra akarudi kuwalingania ndugu zake. Wengi walimkatalia mwanzoni. Abu Huraira alikuwa katika waliomwitikia. Mwaka wa 7 wa Hijra, kiasi cha mwaka 628 au 629 wa Miladi, Tufail aliondoka na familia sabini au themanini za Daus kwenda Madina, na Abu Huraira akiwemo. Umri wake ulikuwa haujafika miaka thelathini.

Walipofika Madina hawakumkuta Mtume (s.a.w.); alikuwa Khaibar. Wakaswali Alfajiri nyuma ya Sibaa bin Urfuta aliyeachiwa mji. Imamu akasoma katika rakaa ya pili Suratul Mutaffifin, sura inayowaonya wanaopunja katika vipimo. Abu Huraira, hapo hapo ndani ya swala, akamkumbuka mtu wa kwao aliyekuwa na vipimo viwili, kimoja cha kununulia na kingine cha kuuzia. Nimeipenda habari hii kwa sababu inaonyesha namna akili yake ilivyokuwa. Aya haikupita masikioni mwake kama sauti tu. Ilikwenda moja kwa moja kwa mtu anayemjua na soko analolijua. Nasi tunaopita soko la Ruvumera kila siku tunaelewa.

Njaa ya mwanafunzi

Madina hakuwa na nyumba, shamba wala biashara. Alikaa Suffa, sehemu iliyoezekwa nyuma ya Msikiti wa Mtume, pamoja na maskini wengine waliohama bila mali. Kwa lugha yetu ya leo, ilikuwa bweni na chuo kwa pamoja. Chakula chao kilitegemea sadaka na zawadi zilizoletwa kwa Mtume (s.a.w.).

Ndugu zangu tunaosubiri mkopo wa masomo na kuhesabu siku za mwisho wa mwezi, hapa ndipo pa kumsoma vizuri Swahaba huyu. Alikuwa akifunga jiwe tumboni kwa njaa. Alikuwa akianguka na kuzimia kati ya mimbari na chumba cha Mama Aisha (r.a.), mtu anapita anamwekea mguu shingoni akidhani ana wazimu, naye hana wazimu, ni njaa tu. Alikuwa akimsimamisha Swahaba njiani na kumuuliza aya anayoijua vizuri kuliko muulizwaji, akitumaini huyo atamchukua nyumbani ampe chakula. Hakuweza kusema waziwazi kuwa ana njaa. Nani kati yetu hajawahi kumtembelea rafiki saa ya chakula akijidai ana swali la masomo?

Aliyemwelewa upesi kuliko wote ni Jaafar bin Abi Talib, yule yule aliyekaa Uhabeshi, huku kwetu Afrika Mashariki, miaka mingi akiongoza wakimbizi Waislamu. Jaafar naye alirejea katika siku zile zile za Khaibar. Aliwachukua maskini wa Suffa nyumbani na kuwapa alichokuwa nacho. Siku asipokuwa na kitu aliwatolea kiriba cha samli kilichokwisha, wakikipasua na kulamba kilichobaki ndani. Mtu aliyewahi kuwa mgeni ugenini anajua mgeni anahitaji nini.

Siku moja Abu Huraira alikaa njiani. Akapita Abu Bakr (r.a.), akamuuliza aya, Abu Bakr akajibu akapita. Akapita Umar (r.a.), naye vivyo hivyo. Kisha akapita Mtume (s.a.w.), akamtazama usoni, akatabasamu na kujua kilichomo moyoni. Akamwita kwa jina la Abu Hirr na kumwambia amfuate. Nyumbani pakawa na bakuli la maziwa lililoletwa zawadi. Abu Huraira akafurahi. Lakini Mtume akamwamuru kwanza akawaite watu wote wa Suffa.

Yeye mwenyewe alikiri kuwa jambo lile lilimwia zito. Bakuli moja la maziwa litawatosha nini watu wote wale? Na kwa kuwa yeye ndiye atakayewagawia, atabakiwa na nini? Lakini hakuwa na njia ila kutii. Akawaita, wakaja, wakakaa. Akampa mmoja mmoja, kila mtu akinywa mpaka akatosheka, hata wakaisha wote. Mtume (s.a.w.) akalishika bakuli, akamtazama na kutabasamu, akamwambia kuwa wamebaki wao wawili. Akamwambia akae anywe. Akanywa. Akamwambia anywe tena, akanywa, mpaka akaapa kuwa hana tena pa kuyapitishia. Ndipo Mtume akamhimidi Mwenyezi Mungu, akataja jina Lake, akanywa yaliyobaki. Mtume wa Mwenyezi Mungu alikuwa wa mwisho kunywa.

Mama yake

Jambo lililomuumiza kuliko njaa lilikuwa mama yake. Alihama naye, lakini mama hakuwa amesilimu. Kila akimlingania, alikataa. Siku moja mama akasema juu ya Mtume (s.a.w.) neno ambalo mwanawe hakuweza kulivumilia. Hakumjibu kwa ukali. Alitoka akilia, akaenda kwa Mtume na kumwomba amwombee mama yake uongofu. Mtume akaomba dua.

Akarudi mbio na matumaini. Akakuta mlango umerudishwa, na mama aliposikia hatua zake akamwambia asubiri nje. Akasikia maji yanamwagika. Mama alikuwa anaoga. Akavaa nguo yake, akafanya haraka hata hakuwahi kujitanda kichwa, akafungua mlango na kutamka shahada. Abu Huraira akarudi kwa Mtume akilia mara ya pili, safari hii kwa furaha, kama alivyolia kwanza kwa huzuni.

Tangu hapo hakuachana naye. Imepokelewa kuwa siku moja Mtume (s.a.w.) aliwagawia wenye njaa tende mbili mbili. Yeye akala moja na kuificha ya pili. Alipoulizwa, akasema ni ya mama yake. Mtume akamwambia aile, na mama atapewa zake mbili. Na katika Sahihi Muslim imo habari kuwa hakwenda kuhiji maadamu mama yake yuko hai, kwa ajili ya kumhudumia. Baadhi yetu tuna wazazi Rumonge, Gitega au Muyinga ambao tunawapigia simu fedha zinapokwisha tu. Najisema mwenyewe kwanza.

Kifua kilichohifadhi

Katika chuo chetu kuna mjadala unaorudi kila mwaka. Mtu atauliza: vipi mtu mmoja aliyekaa na Mtume muda mfupi kiasi hicho apokee hadithi 5,374, zaidi ya Swahaba mwingine yeyote? Swali si baya. Baya ni kulitupa bila kulifanyia hesabu.

Tuhesabu. Tangu Khaibar mpaka kufariki kwa Mtume (s.a.w.) mwaka wa 11 ni takriban miaka minne. Gawanya idadi ile kwa siku za miaka minne, utapata chini ya hadithi nne kwa siku, na nyingi ni za mstari mmoja au miwili. Tena idadi ile inahesabu njia za mapokezi, siyo maneno tofauti. Hadithi moja ikija kwa njia tano huhesabiwa tano. Ukiondoa zilizorudiwa, idadi hupungua sana. Na ndani yake zimo alizozipokea kutoka kwa Maswahaba wenzake waliotangulia, kama Abu Bakr, Umar na Mama Aisha. Mwanafunzi anayehudhuria kila somo na hana kazi nyingine, je, hatahifadhi mambo manne kwa siku?

Swali hili hata yeye aliulizwa katika uhai wake. Jibu lake lilikuwa wazi: ndugu zake Muhajirina walishughulishwa na biashara sokoni, ndugu zake Ansari walishughulishwa na mashamba yao, naye alikuwa maskini aliyeambatana na Mtume kwa kushiba tumbo lake tu. Alikuwepo walipokuwa hawapo, akahifadhi waliyoyasahau. Alisimulia pia kuwa alimlalamikia Mtume (s.a.w.) usahaulifu, akaamrishwa kutandaza shuka yake, kisha kuikusanya kifuani, baada ya hapo hakusahau tena alichokisikia kwake.

Maswahaba hawakumkubali kwa upofu. Waliuliza. Alipohadithia kuwa anayefuata jeneza mpaka likaswaliwa ana qirati moja ya thawabu, na akibaki mpaka lizikwe ana mbili, kila moja mfano wa mlima, Abdullah bin Umar alishangaa akatuma mtu kwa Mama Aisha kuhakikisha. Ibn Umar akawa anageuza vijiwe vya msikitini mkononi akisubiri. Mjumbe akarudi na habari kuwa Aisha amemsadikisha Abu Huraira. Ibn Umar akavitupa vile vijiwe chini na kusikitika kuwa wamepoteza qirati nyingi. Hakuona haya kuuliza, na alipopata jibu hakuona haya kukiri.

Marwan alipokuwa gavana wa Madina naye alimjaribu. Alimweka karani nyuma ya pazia, akamuuliza Abu Huraira hadithi nyingi, karani akaandika zote. Baada ya mwaka mzima akamwita na kumuuliza zile zile. Hakuzidisha, hakupunguza, wala hakutanguliza neno mbele ya jingine.

Imam Bukhari ametaja kuwa waliopokea kutoka kwake ni watu mia nane au zaidi. Mmoja wao, Hammam bin Munabbih wa Yemen, aliziandika hadithi alizozisikia kwake katika daftari. Daftari hilo lilihifadhiwa karne kwa karne, na katika karne ya ishirini mwanachuoni Muhammad Hamidullah akalichapisha kutokana na nakala za mkono zilizokuwa Damascus na Berlin. Hadithi zake ni 138, nazo zinaafikiana na zilizomo katika Musnad wa Imam Ahmad. Anayedai kuwa hadithi ziliandikwa mamia ya miaka baadaye tu, na alisome daftari hilo.

Cheo na mzigo wa kuni

Umar (r.a.) alipokuwa Khalifa alimpeleka kuwa gavana wa Bahrain. Aliporudi alikuwa na elfu kumi za dirhamu. Umar, ambaye hakuwa akimwonea mtu haya katika mali ya umma, alimhoji kwa maneno makali. Abu Huraira akaeleza kuwa ni mapato ya farasi waliozaana, zawadi zilizofuatana, na kazi ya watumwa wake. Mambo yakachunguzwa, yakakutwa kama alivyosema. Baadaye Umar alimtaka tena ashike kazi. Akakataa. Alichelea kusema bila elimu, kuhukumu bila upole, na heshima yake kuchafuliwa.

Wengi wetu tunasoma ili tupate kazi ya serikali, na si dhambi. Lakini ni wangapi wangeweza kuulizwa walichokipata wapi na wakajibu jambo kwa jambo? Na ni wangapi wangeitiwa kiti mara ya pili wakakikataa?

Katika siku za Marwan alikaimu ugavana wa Madina. Watu walimwona akipita sokoni na mzigo wa kuni mgongoni, akiomba kwa mzaha nafasi ya njia apite amiri. Siku nyingine alivaa nguo mbili za kitani zilizotiwa rangi, akapenga kamasi kwa moja yake, kisha akajistaajabia: huyu ndiye aliyekuwa akianguka kwa njaa karibu na mimbari! Ujanani aliwahi kuwa mtumishi wa Busra binti Ghazwan kwa ujira wa chakula tu. Baadaye Mwenyezi Mungu akamjaalia akamwoa. Hakuificha habari hiyo. Aliisimulia ili ashukuru.

Nyumbani kwake usiku ulikuwa umegawanywa mafungu matatu: yeye, mkewe na mtumishi wao, kila mmoja akisimama kuswali fungu lake kisha akimwamsha mwenzake. Wala hakuacha mambo matatu aliyousiwa na Mtume (s.a.w.): kufunga siku tatu kila mwezi, rakaa mbili za Dhuha, na kuswali Witri kabla ya kulala.

Paka na dini yetu

Sasa nirudi kwenye stoo ya makaa. Hadithi aliyoipokea Abu Huraira inamtaja mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Ukiitazama vizuri, mwanamke yule hakumpiga paka wala hakumchinja. Alifunga mlango tu, kama mimi. Na kwa upande wa pili, ni Abu Huraira huyo huyo aliyepokea habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Fiqhi nayo ina lake. Kabsha binti Kaab alikuwa akimmiminia maji ya udhu baba mkwe wake Abu Qatada (r.a.). Akaja paka, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha akamtazama kwa mshangao. Akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Kwa hiyo maji aliyokunywa paka unatawadhia.

Tuwe waangalifu pia katika tunayoyasambaza kwenye simu. Inasimuliwa sana kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa na paka aitwaye Muezza, na kwamba alikata mkono wa kanzu yake asimwamshe. Habari hiyo haimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Kisa cha mkono wa nguo kinasimuliwa juu ya Sheikh Ahmad ar-Rifai wa Iraq, aliyefariki mwaka 1182: paka alilala juu ya mkono wa nguo yake, muda wa swala ukaingia, akaukata mkono ule, na paka alipoondoka akaushona tena. Kisa ni kizuri kikiwa mahali pake. Kumheshimu Abu Huraira, aliyechunga kila neno, ni kutomzulia Mtume hata neno zuri.

Mwisho wa safari

Abu Huraira alifariki karibu na Madina, mwaka wa 57, 58 au 59 wa Hijra kwa kauli mbalimbali, akiwa na umri wa takriban miaka sabini na minane. Katika maradhi yake ya mwisho alilia. Alipoulizwa, alisema halilii dunia. Analilia urefu wa safari na uchache wa masurufu, naye hajui ataelekezwa Peponi au Motoni. Al-Walid bin Utba, gavana wa Madina, alimswalisha, akazikwa Baqii. Mchungaji yatima ambaye hakuachiwa urithi wowote na baba yake aliuachia umma wote urithi.

Nilipomaliza kusoma nilirudi kwa bibi nikamwambia jina la mpokezi na maana yake. Akatabasamu, akasema alikuwa analijua. Alitaka nilijue mimi. Kisha akaniambia niende nikanunue kufuli jingine, kwa kuwa lile lilivunjika kwa kosa langu, na ufunguo mmoja niuache kwake.

Yule paka yupo mpaka leo. Miezi miwili ya kwanza alikuwa akiniona anakimbia, na nilistahili. Siku moja jioni nilikuwa nimekaa barazani nakula, akaja polepole akasimama hatua tatu mbele yangu. Nikamwekea vichwa vya ndagala chini, nikatazama pembeni ili asiogope. Akala. Siku ya pili akasogea hatua mbili.

Ewe Mola wetu, mrehemu Abu Huraira na mama yake, utujaalie tuwe katika waumini wanaowapenda kama Mtume wako alivyowaombea. Utusamehe milango tuliyoifunga na kuisahau. Amin.

Wabillahi tawfiq.